Barua kwa rafiki anayejenga Uyole: plaiwudi au MDF?

Mafinga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza kabati za jikoni uzitengeneze kwa plaiwudi au kwa MDF. Nakujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu muuzaji atakusifia sura ya ubao, ilhali kinachoamua umri wake ni gundi iliyomo ndani.

Plaiwudi hutokana na gogo linalozungushwa mbele ya kisu kirefu hadi litoe karatasi nyembamba za mti, ambazo hupakwa gundi, hupangwa kwa kukingamana, nyuzi za tabaka moja zikienda urefu na za tabaka linalofuata zikienda upana, kisha hugandamizwa kwa joto. Kwa mpangilio huo haipasuki wala kupinda kwa urahisi kama mbao mbichi ya paina. Ukifika dukani, kagua ukingo wa ubao: ukiona matundu kati ya tabaka, uache, kwani skrubu ya bawaba ikiangukia hapo haitashika. Omba pia kipande kidogo ukichemshe kwenye sufuria kwa saa chache. Chenye gundi ya fenoli, inayostahimili maji, kitabaki kimeshikamana, na chenye gundi ya yurea, isiyostahimili maji, kitafumuka.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, mara nyingi ya yurea, na kushindiliwa. Uso wake laini hupokea rangi vizuri kuliko plaiwudi, nami ningeichagua bila kusita kwa milango ya kabati la nguo. Ila ikinywa maji ukingoni huvimba na hairudi tena, kwa hiyo chini ya sinki usiiweke kabisa. Chipubodi, yaani ubao wa vipande vidogo vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi, ni dhaifu zaidi. Rafu yake ikiwa ndefu hubonyea katikati.

Kama zimebaki zile plaiwudi nyeusi zenye uso unaoteleza ulizomwagia zege la lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, ambazo mafundi huziita marine, zisafishe uzitumie kwenye kabati la sinki. Kwa mabodi mengine ya kabati chagua plaiwudi ya milimita 18. Mgongoni milimita 6 zinatosha. Mwambie seremala azibe kila ukingo aliokata kwa rangi au vanishi kabla ya kufunga, na MDF aikatie nje, akiwa amefunika pua na mdomo, maana vumbi lake ni jembamba na lina kemikali ya gundi.

Nitumie vipimo vya jikoni, nikukadirie idadi ya mabodi ya futi 8 kwa 4.

Wako,
Rafiki yako wa Mafinga