Barua ya wazi kwa wahitimu wa kidato cha sita wa Dodoma: msichaguliwe chuo na kijana wa steshenari

Wanangu na wajukuu zangu, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi.

Jumanne iliyopita nilikwenda steshenari moja karibu na Soko la Majengo kutoa kopi ya hati ya kiwanja. Mbele yangu alisimama binti aliyetoka kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora juzi tu, nywele hazijaota sawasawa. Alikuwa amechaguliwa vyuo vikuu viwili, vyote vya binafsi, vyote Dar es Salaam, vyote shahada ya uuguzi. Alitakiwa athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Akamuuliza kijana wa steshenari, "Kaka, kipi kizuri?" Kijana hakuinua hata macho. "Thibitisha hiki, hosteli zao kali."

Nikamsihi binti asibonyeze kitu, arudi nyumbani kwanza. Alipoondoka nikamuuliza kijana kama amewahi kufika kwenye chuo hicho. Hajawahi kuvuka Morogoro. Nikamkazia macho, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba chuo kile humtumia chochote kwa kila mwanafunzi atakayeripoti kupitia kwake.

Nimekaa na hasira hiyo siku tano. Sina hasira na yule kijana peke yake, maana anatafuta riziki. Hasira yangu inatoka mbali zaidi.

Miaka minne iliyopita mjukuu wa marehemu dada yangu alikuwa njia panda hiyo hiyo: vyuo viwili vya binafsi, mji ule ule, kozi ile ile ya uuguzi. Baba yake analima zabibu Mpunguzi. Msimu ule aliuza mavuno yote kwa bei ya kutupa ili ada ya muhula wa kwanza ipatikane kabla ya kuripoti. Kijana alichagua kwa picha. Chuo kimoja kilikuwa na jengo la vioo, lifti, na wanafunzi wanaocheka kwenye nyasi. Kingine kilikuwa na majengo ya kizamani, rangi imebanduka. Sisi wazee tulimpongeza, tukachinja mbuzi, tukaomba dua na sala. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: huyu mtoto atajifunzia uuguzi kwenye wodi ipi?

Nasema tena, wodi ipi. Chuo cha vioo hakikuwa na hospitali yake. Mwaka wa pili, mafunzo ya vitendo yalipoanza, walikuwa wanadamka saa kumi alfajiri, wanapanda daladala mbili hadi hospitali ambayo chuo kilikuwa na makubaliano nayo, na huko walikuta wanafunzi wa vyuo vingine vitatu vinne wameshatangulia. Watu ishirini wamezunguka kitanda kimoja. Aliye nyuma anatazama mgongo wa mwenzake, jioni anajaza kwenye daftari la vitendo kwamba ameona. Wahadhiri wengi walikuwa wa muda, wanakuja Jumamosi kutoka kwenye ajira zao nyingine, wasipopata nafasi hawaji. Mtoto alinipigia simu usiku akaniambia, "Babu, nimefika mwaka wa tatu na sijazalisha mama hata mmoja kwa mikono yangu." Alikuwa analia.

Nilipanda treni ya SGR, nauli 31,000, chini ya saa nne niko Dar. Nilivitembelea vyote viwili kwa siku moja. Kile chenye rangi iliyobanduka kina hospitali ndani ya uzio wake. Wanafunzi wanatoka darasani, wanavuka ua, wako wodini. Nilikaa kwenye benchi nikawatazama wakipima presha, wakifunga vidonda, muuguzi mkuu akiwagombeza kwa upole. Nilifanya nikiwa nimechelewa miaka mitatu kazi ambayo ingefanyika kabla hata mbuzi hajachinjwa. Mtoto alihama kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), lakini si masomo yote yaliyohesabiwa, akarudishwa nyuma mwaka mzima. Mwaka mzima wa zabibu za baba yake.

Mimi nilisoma shule ya sekondari ya Mazengo, pale Kikuyu hapa Dodoma, ambapo tangu 2007 kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Majengo tuliyoyakuta yalikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Kilichotufanya tuwe watu ni walimu waliolala jirani na mabweni yetu, ukikwama kwenye hesabu saa mbili usiku unagonga mlango. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha ya jengo, namuuliza nani anaishi karibu nalo.

Kuna jambo la pili, nalo mlishike kwa sababu linaumiza watu kimyakimya. Chuo kuwa na ithibati, yaani kibali rasmi cha ubora, na kozi yako kuwa na ithibati ni vitu viwili. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75. Hebu fikirini hao wa kundi la pili: chuo kipo, bango lipo barabarani, geti liko wazi, ila kozi yako imefungiwa. Orodha ya kozi zilizoruhusiwa iko kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, unafunguka kwenye hiyo hiyo simu mnayoangalilia mpira. Na kama kozi yako ina baraza au bodi yake, kama Baraza la Uuguzi na Ukunga, Baraza la Famasi au Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uliza kama wanakitambua chuo hicho. Wao ndio wenye leseni.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ombeni karatasi yenye mchanganuo wote, siyo ada tu: usajili, mitihani, bima ya afya, ile 20,000 ya udhibiti ubora, mafunzo ya vitendo, vifaa. Ulizeni kinachotokea usipomaliza kulipa, maana kuna vyuo ambako unafika siku ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, jina lako halipo. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa mtakula nini, hilo nalo. Na mkopo ni deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, uwe ulifundishwa vizuri au ulifundishwa na mgongo wa mwenzako.

Wazazi wenzangu, na ninyi nawasema. Tumefanya neno "amepata chuo" liwe mwisho wa mazungumzo. Tunalitangaza msibani, kanisani, msikitini, halafu hatuulizi tena hadi siku ya joho na picha. Mtu akienda mnada wa Msalato kununua ng'ombe, anamfungua mdomo ahesabu meno, anamtembeza aone kama anachechemea. Mtoto wake anampeleka kwa picha ya simu. Tena wengi tunawajazia fomu wakiwa bado kambini, tunachagua chuo kwa sababu ni cha dhehebu letu au kwa sababu mtoto wa jirani yuko huko, kisha mtoto akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, tunasema hana akili. Na wenye vyuo mnaolipa vijana wa steshenari kwa kila kichwa, hizo hela zinunulieni vitanda vya kujifunzia.

Wanangu, siwakatazi vyuo vya binafsi. Huyo mjukuu wangu sasa yuko mwaka wa mwisho kwenye kile chuo chenye rangi iliyobanduka, na mwezi uliopita alinipigia tena usiku. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume, na mikono ya kwanza kumpokea ilikuwa yake. Alikuwa analia tena, nami nikalia.

Wewe binti wa Jumanne, kama barua hii imekufikia, usithibitishe bado. Dirisha halijafungwa. Mwambie baba yako anitafute hapa Kikuyu, aulize kwa mwalimu mstaafu mwenye mzabibu getini. Alhamisi tunaweza kupanda treni watatu, tukaziona wodi zote mbili kwa macho yetu. Nauli nitatoa mimi.