Kiwanja cha Chanika kisiuzwe kwa ajili ya shahada ya Kichina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi wa Mbagala aliyeandika katika safu hii kwamba anauza kiwanja chake cha Chanika ili bintiye akasome uzamili wa Kichina, kwa hoja kuwa Wachina wamejaa nchini na kazi haitakosekana. Shahada hiyo ninayo. Niliipata mwaka 2017, Zhejiang Normal University, mjini Jinhua.

Kutoka Jinhua hadi Yiwu ni mwendo mfupi wa treni. Yiwu ndiko wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanakofuata kila kitu, kuanzia vibanio vya nywele hadi mabegi ya shule, na Jumamosi nilikuwa nakwenda kuwakalimania ili nipate hela ya kula. Wakati huo nilishafaulu HSK daraja la 5, mtihani wa Kichina unaodai maneno 2,500, na kifua kilikuwa mbele. Siku ya kwanza kabisa mama mmoja mwenye duka Mtaa wa Kongo alitaka ndala za watoto. Muuzaji akasema oda ya chini ni san wan. Nikamwambia mama haraka haraka: pea elfu tatu. Mama akakubali, mkono ukaingia kwenye pochi kutoa advansi.

Kumbe ni elfu thelathini. Mchina hahesabu kwa maelfu kama sisi. Kipimo chake ni wan, yaani elfu kumi, na laki yetu kwake ni wan kumi. Hayo niliyajua darasani, ila mdomo ulitangulia. Muuzaji alipobonyeza kikokotoo na sufuri nne zikajipanga, mama alinigeukia taratibu: "Mwanangu, hivi wewe huku unasoma nini?"

Aliyetuokoa ni kijana wa Temeke aliyekuwa duka la jirani. Hakumaliza kidato cha nne, Kichina alikiokota Guangzhou akibeba mizigo, na sidhani kama alijua kusoma herufi hamsini. Lakini alijua katoni moja inaingia pea ngapi, kontena la futi 40 linameza sibiemu (mita za ujazo) ngapi, na muuzaji yupi atakubali kuchanganya saizi. Yeye kwa siku alilipwa mara mbili yangu, na kwa haki kabisa.

Niliporudi Dar nikapata kazi saiti moja ya ujenzi, kampuni sitaitaja. Kwenye karatasi nilikuwa mkalimani. Kwa vitendo nilikuwa karani wa stoo, mhesabu vibarua na mtu wa kutumwa kupanga foleni za vibali. Shilingi 40,000 kwa siku, na mvua ikinyesha kazi ikasimama, hela nayo ilisimama. Mwaka wa pili wakaletwa vijana wawili wa Kichina waliosoma Kiswahili kwao Beijing, mimi nikaambiwa asante. Nililia siku moja tu. Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakati reli ya TAZARA inajengwa, kilomita zote 1,860, wamo Wachina waliokuja wakiwa tayari wanakijua. Anayedhani Mchina hawezi kutusemesha mpaka sisi tumsaidie, na siku hizi simu ya kila mtu inatafsiri, aangalie upya.

Basi ile shahada ilianza kunilipa lini? Siku nilipoacha kukalimani nikaanza kufasiri. Wengi huchanganya haya mawili: mkalimani anasema, mfasiri anaandika.

Wakili mmoja wa Posta aliniletea mkataba wa kununua mashine za matofali, kurasa 14, Kichina upande huu na Kiingereza upande ule. Kifungu cha mwisho kilisema nakala mbili zikitofautiana, ya Kichina ndiyo itakayofuatwa. Mteja wake alikuwa amesoma Kiingereza tu, na humo malipo ya kwanza yaliitwa kwa neno moja la kawaida. Kwenye Kichina yameandikwa dingjin. Sasa dingjin zipo mbili. Zinatamkwa sawasawa, hata toni ni ileile, ila herufi ya kwanza hutofautiana. Moja ni malipo ya awali tu, biashara ikivunjika kwa kawaida hurudishwa. Ya pili ni dhamana: kwa sheria ya China, mnunuzi akivunja mkataba hela imekwenda, na muuzaji akiuvunja anarudisha mara mbili. Mkataba ulikuwa na ile ya pili, na mteja alikuwa bado hajapata mkopo wake benki.

Yule kijana wa Temeke, pamoja na ujanja wake wote, asingeliona hilo, kwa sababu sikioni halipo. Lipo kwenye herufi. Wakili akaomba ibadilishwe kabla ya kusaini, nami niliyekuwa natoza 25,000 kwa ukurasa nikaongezewa bila kuomba.

Ualimu nao upo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vina Taasisi za Confucius, za kufundishia Kichina, tangu 2013, na sekondari Kichina ni somo la kuchagua. Ila shule zinazolifundisha ni chache, na zinataka mtu aliyesomea ualimu, si mjuzi wa herufi tu. Kuna kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, kazi iliyoanza kujulikana baada ya TBC kurusha ya kwanza mwaka 2011. Huko wanatafuta sauti, shahada hawaiulizi. Zanzibar madaktari wa Kichina wapo tangu 1964, na mgonjwa wa Makunduchi anahitaji mtu wa kati anayejua tofauti ya kichomi na kiungulia.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla ya kutafuta dalali, mkalishe binti umuulize: ukiondoa Kichina, unajua nini kingine? Sheria, forodha, uhasibu, uuguzi, ualimu, chochote. Kama hana, aanze na hicho, Kichina akipandishie juu yake. Kama anacho, Wizara ya Elimu hutangaza ufadhili wa serikali ya China kila mwaka, aombe huo. Kiwanja kibaki na mipapai yake.

Mfasiri,
Tabata, Dar es Salaam