Seti za filamu zipokee wanaojifunza kamera

Ndugu Mhariri,

Kila kiongozi akikutana na vijana wa filamu, ahadi ni ileile: tutawatafutia kamera. Mimi ni mpiga picha wa video hapa Sinza, nimeongoza filamu fupi na sasa naandaa ndefu. Kamera Dar es Salaam inakodishwa; ukiwa na fedha jioni, asubuhi unayo. Tunachokosa ni mtu wa kutuelekeza tukiwa kazini.

Nilianzia kwenye harusi, kama wengi wetu, na siidharau kazi ile. Bibi harusi ni maji ya kunde, shela nyeupe pe, taa za ukumbini zinabadilika rangi kila mara. Ukiiacha kamera ijiamulie mwanga, itaifuata shela na sura ya mwenye shughuli itazama gizani. Ndugu zake hawatakuelewa! Hapo unajifunza kupima uso kwanza. Kwenye kumbi za taa za tyubu, picha ilikuwa inachezacheza na hakuna aliyejua kwa nini. Kumbe umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa hizo humemeta kuufuata. Shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ukiiweka 1/50 ya sekunde ili iendane na umeme, mchezo umekwisha. Ni jambo la dakika mbili, ila wa kuniambia hakuwepo.

Lakini harusi ina mwisho wake. Bwana harusi havishi pete mara tano ili wewe upate kila pembe. Kupanga shoti zikaungana, kumsubiri mwigizaji, kulinda mwanga wa saa nne ufanane na wa saa tisa, hayo yanapatikana kwenye seti tu. Kwa utaratibu, mtu huanza kwa kubeba stendi na kebo, akabadilisha lenzi, akashika fokasi (kulinda picha isiwe na ukungu), ndipo akabidhiwe kamera. Tamthilia nyingi zetu ngazi hizo hazina: dairekta ndiye mpiga picha, mpwa wa prodyuza ndiye wa maiki, na sini ni nyingi kwa siku moja. Hata wahitimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanaishia getini.

Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali vya kupiga picha. Naomba kibali kiwe na sharti: kila kazi ichukue angalau kijana mmoja wa fildi (anayejifunza kazini) upande wa kamera au taa, jina lake liwemo kwenye orodha ya wafanyakazi. Vituo vya televisheni vinavyonunua tamthilia viliweke hilo kwenye mkataba. Maprodyuza watalia bajeti, najua. Nauli, posho na sahani ya wali maharage ya mtu mmoja havijafilisi kampuni, na yule kijana mtamtumia tu kubeba taa.

Kwenye filamu yangu nafasi za vijana wa fildi ni mbili, na posho yao nimeiandika kwenye bajeti kabla ya yangu.

Mpiga picha wa video,
Sinza, Dar es Salaam