Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha Zetu na Majina ya Wenyewe

Ndugu wanachama, mama zangu na dada zangu,

Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza hapa bila kulala. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nina neno juu ya kazi iliyotushughulisha mwaka mzima: kuchora sura za wanawake wenzetu waliohamia hapa Uingereza.

Tulianza na kazi za mchoraji Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeletwa nchi hii angali mchanga, na ambaye mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya hapa Uingereza. Mwaka 2004 alionyesha watu 100 aliowachora kwenye mbao zilizokatwa kufuata maumbo yao, kila mmoja na kimo cha mtu kamili: Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Ukizunguka nyuma yao unakuta karatasi ya hesabu imebandikwa. Hapo pana jina la mtu la kwao na jina alilobandikwa ugenini, kazi aliyokuwa akiifanya na ile anayofanyishwa. Tulipofika hapo tukanyamaza. Kisha mwenzetu mmoja akasema kazini kwake wanamwita Mary, maana jina alilopewa na bibi yake linawashinda.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mama anayetunza wazee. Mchoraji wetu alimletea kanga, akidhani ndiyo itakayompendeza. Mama akakataa. Akataka achorwe na sare yake ya kazi, kwa sababu ndiyo iliyosomesha wanawe. Alikaa Jumapili nne, viatu kavua, miguu imevimba. Kifuani amebandika saa ndogo inayoning'inia kichwa chini, ili yeye akiinamisha macho aisome vizuri. Mchoraji aliichora vivyo hivyo, na mtazamaji haisomi mpaka apinde shingo.

Picha hiyohiyo ndiyo iliyotuumiza. Ukumbi mmoja tuliopewa nafasi uliweka chini yake kibao: "Mkimbizi wa Kiafrika". Mama yule alikuja kwa viza ya kazi. Na hata angekuwa mkimbizi, jina analo. Tuliomba kibao kiondolewe, tukaambiwa vimeshachapwa. Nikaagiza picha ishushwe siku ileile. Wapo walioona nimekuwa na haraka, kwani nafasi kama ile haipatikani kila mwaka. Nimewasikiliza, lakini ningeulizwa tena leo ningeishusha.

Wenzetu ambao majibu ya maombi yao ya hifadhi hayajatoka hawakutaka sura zao zionekane, na wana haki. Hao tuliwachora mikono na migongo. Mmoja anaonekana vidole tu, akimsuka binti yake, uzi mweusi ukiwa umebanwa kati ya kidole cha tatu na cha nne. Jina lake hatukuliandika, kwa ombi lake.

Kwa hiyo kamati inaleta kanuni moja: picha yoyote isitoke chamani mpaka aliyechorwa asomewe, kwa lugha anayoielewa, maneno yote yatakayowekwa chini yake, naye akubali. Jina liwe lile analolitaka yeye, au lisiwepo kabisa akitaka hivyo. Ukumbi usiokubali, hatuendi.

Rasimu anayo katibu. Naomba tuipigie kura sasa hivi, kabla wa zamu ya mchana hawajatoka kuwahi basi.