Nilipie waranti ya gari la mkononi, au fedha ibaki kwa ajili ya fundi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi ili wasomaji wenzangu wanisaidie katika jambo ambalo nyumbani kwetu tumelijadili wiki mbili sasa bila kufika popote. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, nafundisha upande wa Ihumwa, na kila siku napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hilo ningelivumilia. Lakini mama yangu yuko kijijini, mbele ya Kolo, na kila mwezi lazima afike kliniki Kondoa mjini. Ana miaka 74, miguu inavimba, na hawezi tena kupanda bodaboda mpaka barabara kubwa. Kumpeleka ni juu yangu. Tumeamua kununua gari.

Gari tumelipata kwenye yadi moja hapa mjini. Ni Toyota Vanguard ya mwaka 2008, namba D, kilomita 128,000 kwenye dashibodi, bei milioni 23. Bodi safi, viti havijachoka, linawaka kwa mguso mmoja. Mkopo wa SACCOS ni milioni 15, akiba yetu milioni kumi na nusu. Tulikuwa tumeshakubaliana bei ndipo kijana wa mauzo akatoa karatasi nyingine mezani. "Mama, ukiongeza milioni moja na laki mbili tu, unapata waranti ya mwaka mzima. Injini ikileta shida, giaboksi ikileta shida, ni juu yetu. Wewe unalala usingizi."

Mume wangu alikuwa tayari kulipa palepale. Mimi nikaomba niende na karatasi nyumbani. Nieleze kwanza kwa nini neno waranti linanigusa hivi.

Mwaka 2021 nilinunua gari dogo kwa muuzaji mwingine kabisa. Aliniambia kwa mdomo kwamba injini na giaboksi zina garantii ya miezi mitatu. Wiki ya tatu tulikuwa tunarudi kutoka msibani Manyoni, mimi na watoto wawili. Kabla hatujafika Bahi, gari likaanza kunguruma bila kuvuta. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, gari halisogei. Ilikuwa saa mbili usiku. Tulikaa pale saa tatu nzima, watoto wamejifunika kanga yangu, mpaka dereva wa lori akatuonea huruma na kutuvuta. Nilipompigia muuzaji asubuhi alisema, "Mwalimu, umeliendesha vibaya." Nilipompigia tena mchana hakupokea, na kesho yake simu yake ilikuwa haipatikani. Giaboksi ililetwa na basi kutoka Dar es Salaam, na pamoja na ufundi nililipa 2,300,000. Fedha ile ilikuwa ada.

Kwa hiyo anaposema mume wangu kwamba safari hii tuwe na karatasi, simlaumu hata kidogo. Anasema kilichotuponza mwaka ule ni maneno ya mdomo, na sasa tunapewa maandishi. Anasema mimi ndiye nitakayekuwa barabara ya Kondoa peke yangu na mama mgonjwa, si yeye, maana kazi yake iko Singida na nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Anataka roho yake itulie akiwa huko.

Lakini niliisoma karatasi usiku, mstari kwa mstari, nikiwa na kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha madaftari.

Inasema ni miezi 12 au kilomita 15,000, kitakachotangulia. Nikapiga hesabu ya safari zangu. Nyumbani hadi shule kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Kwa siku 22 za kazi ni 880. Kondoa na kijijini kwenda na kurudi naweka 400. Soko, kanisa na mengineyo 170. Jumla 1,450 kwa mwezi. Kilomita 15,000 zitakwisha nikiwa nimeanza tu mwezi wa kumi na moja. Tena siku 30 za mwanzo hawalipi chochote. Kwa hiyo "mwaka mzima" wa kijana wa mauzo, kwangu mimi ni miezi tisa na siku chache.

Kisha kuna huduma. Gari lazima lifanyiwe sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji waliyoiteua wao, na sevisi moja ni 280,000. Kaka yangu ni fundi, ana sehemu yake Kizota, na kwake oili na filta vinanigharimu 160,000. Nikiruka sevisi moja, au nikimpa kaka, waranti imekufa. Kwa sevisi mbili nitakazolazimika kufanya ndani ya muda huo, naongeza 240,000. Bei halisi ya karatasi hii si milioni moja na laki mbili tena. Ni 1,440,000.

Kila tatizo nalipa kwanza 150,000 mimi mwenyewe. Wao wanalipa mpaka 1,500,000 kwa tatizo moja na si zaidi ya milioni tatu kwa muda wote. Kulivuta gari mpaka gereji ni juu yangu. Na gari lisifunguliwe na fundi yeyote kabla hawajatoa kibali cha maandishi. Niwaze nimekwama Mayamaya, njia ya Kondoa, saa kumi na mbili jioni na mama kwenye kiti cha nyuma, nasubiri kibali cha maandishi.

Sasa nifike kwenye kipengele kilichoninyima usingizi. Katika orodha ya vitu visivyolipiwa, baada ya betri, breki, bushi, shokapu na kompresa ya AC, kuna mstari mfupi: "kupungua kwa oili ya injini hakutahesabiwa kuwa hitilafu."

Nilimsomea kaka kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hapo ndipo penyewe." Akanieleza kwamba Vanguard ya cc 2400 inabeba injini ya 2AZ, ileile iliyo kwenye Rav4 za miaka hiyo, na ugonjwa wake unaojulikana ni kula oili. Ringi za pistoni zinachoka, oili inapanda inaungua na mafuta, na dereva asiyepima oili kwa kijiti anakuja kushtuka injini imeshakauka. Si maneno ya gereji tu. Nchini Marekani, Toyota wenyewe walirefusha dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa sababu hiyohiyo. Dhamana hiyo haivuki bahari kuja kwetu. Lakini ina maana kwamba tatizo linafahamika, na aliyeandika karatasi hii bila shaka analifahamu. Ameuza kinga ya injini, kisha akaitoa pembeni ile njia ambayo injini hii hupitia kufa. Kama injini ikikauka oili na kugoma, watasema ni injini iliyovunjika au ni oili iliyopungua? Nani ataamua? Ni gereji yao.

Hata wakikubali, kaka aliniulizia Dar es Salaam injini iliyotumika. Aliambiwa karibu milioni tatu, hapo hujamlipa fundi. Nusu yake bado ni yangu.

Giaboksi nayo ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua. Kaka anasema wengi huziua wenyewe kwa kuweka haidroliki ya kawaida badala ya ile ya CVT, na hakuna anayeweza kujua mwenye gari wa kwanza aliweka nini miaka yote hiyo. Karatasi inasema hitilafu "iliyokuwepo kabla ya mauzo" hailipwi. Giaboksi iliyoanza kuumia kabla ya mauzo na ikafa mwezi wa nne, hitilafu yake ni ya lini?

Ushauri wa kaka ni kwamba ile milioni na laki mbili niitie kwenye gari lenyewe. Aimwage haidroliki ya CVT na kuweka mpya, abadilishe plagi, akague pampu ya maji na rejeta, aweke oili mpya, na mimi nipime kijiti kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Itakayobaki ikae kwenye kikoba, isiguswe. Anasema fedha hiyo haitaniuliza kibali cha maandishi.

Kaka ana haki, lakini kuna jambo ambalo yeye halioni na mume wangu analiona. Tukilipa gari, bima na kubadili kadi, tunabaki na kama 1,400,000. Hiyo ndiyo fedha yote. Nikinunua waranti nabaki na laki mbili, na tatizo la kwanza tu likitokea, 150,000 ya mchango na gharama ya kuvutwa zinaimaliza. Nisiponunua, nina 1,400,000 mkononi, na giaboksi ikifa kama ile ya mwaka 2021 bado haitoshi. Tena najijua. Fedha ya kikoba kwetu haina ulinzi. Mtoto akirudishwa ada, ama shangazi akilazwa, itatoka. Waranti angalau hakuna ndugu atakayekuja kuikopa.

Nilifikiri pia kwamba bima kubwa ingenisaidia, kwa kuwa SACCOS wanaitaka na makadirio niliyopewa ni karibu 950,000. Nikauliza. Nikaambiwa bima kubwa ni ya ajali, wizi na moto. Injini ikifa kwa uchakavu haihusiki. Nawaeleza wengine wasiojua, maana mimi kwa miaka yote niliamini "kubwa" maana yake ni kila kitu. Jambo lingine nililoliona ni kwamba karatasi ya waranti haina nembo ya kampuni yoyote ya bima. Ina muhuri wa yadi tu. Bima ya gari ninaweza kuihakiki kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Hii nitaihakiki wapi? Yadi ikifunga milango mwezi wa tano, waranti inaishi?

Mwalimu mwenzangu aliyesoma sheria kidogo kabla ya kuingia ualimu aliniambia kwamba hata bila waranti nina haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Lakini akaniongezea jambo lililonichanganya: kama mnunuzi amekikagua kitu, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona. Sasa nikimpeleka kaka akalikague gari, je, najifungia mlango? Nisipompeleka, nanunua mbuzi kwenye gunia. Mwenye ujuzi wa sheria naomba anifafanulie hapa kwa lugha ya kawaida, maana naamini wanunuzi wengi hapa Dodoma tuko kwenye giza hili.

Ninachoomba hasa ni mtu aliyewahi kununua waranti ya namna hii akanieleza ilikuwaje siku alipokwenda kudai. Wengi wanaonishauri hawajawahi kuwa nayo, na wanaoisifu ni wanaoiuza. Je, walilipa? Walichukua siku ngapi? Ulikaa bila gari muda gani?

Na ninyi mliozoea yadi, je, naweza kumwambia kijana wa mauzo kwamba waranti siitaki, lakini badala yake apunguze bei laki nane, au aniandikie bure miezi mitatu ya injini na giaboksi, na ule mstari wa oili aufute? Mume wangu anaona nitawaudhi na gari litapewa mtu mwingine. Mimi naona kama wanaliamini gari lao, miezi mitatu si kitu kwao. Sijui kama kuna anayekubaliwa.

Kaka amesema kabla ya lolote niende yadi asubuhi na mapema, kabla hawajaliwasha, nishike boneti kama ni ya baridi, nisimame nyuma lipigwe moto, nitazame moshi. Ukiwa wa bluu, ni oili inayoungua, niondoke. Nikiona sawa, yeye aje na mashine yake apime, kisha tulitembeze mpaka Veyula na kurudi, tupime tena kijiti. Nitafanya hivyo Jumatano, kwa kuwa sina kipindi cha kwanza.

Yadi wamenishikia gari kwa laki tano mpaka Jumamosi. Mume wangu atakuwa amekuja kutoka Singida, na tutakwenda pamoja. Anayeweza kunijibu kabla ya siku hiyo, nitashukuru sana.

Wenu,
Mwalimu na mama wa watoto wawili
Nkuhungu, Dodoma