Usiutazame moto peke yake

Kwako rafiki yangu Salma,

Salamu nyingi, natumai u mzima. Uliponiandikia kwamba mkuu wa kikosi amekubali uwafuate watu wake wa zimamoto na kamera yako, nilifurahi, kisha nikaingiwa na wasiwasi, maana naikumbuka siku yangu ya kwanza.

Siku ile nilirudi na picha karibu mia mbili za ndimi za moto, na karibu zote hazina mtu. Moto unavuta jicho, Salma. Kumbe nyuma yangu kijana mmoja alikuwa ametoka ndani, amevua barakoa, alama yake imemkaa mashavuni, anahangaika kufungua chupa ya maji kwa mikono inayotetemeka. Nilipogeuka alikwisha kuinuka. Picha ile ninayo kichwani tu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu muda. Mitungi mingi ya hewa wanayobeba mgongoni hukadiriwa dakika 30, lakini anayefanya kazi nzito huimaliza mapema. Ukiwaona wameingia, sogea pale wanapobadilishia mitungi, usubiri. Nyuso utazipata hapo.

Kamera usiiachie iamue mwanga. Ikiuona moto hufifisha kila kitu, na watu wanabaki vivuli. Ikiuona moshi mweusi huongeza, na moto unakuwa weupe mtupu. Pima mwanga kwa koti au uso wa mzimamoto. Flashi izime kabisa: mistari ya makoti yao imetengenezwa irudishe mwanga, nayo itawaka pichani kama taa. Mpangilio wa rangi wa kamera uweke kwenye mwanga wa mchana, la sivyo kamera itaupausha ule wekundu. Maji ukiyapiga kwa kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde, utayaona matone yamesimama hewani. Kwa 1/30 yanakuwa utepe mrefu, na mimi napenda zaidi utepe, kwa sababu unaonyesha nguvu wanayoshindana nayo walioshika mpira wa maji.

Simama upande upepo unakotoka, hata kama picha nzuri iko ng'ambo. Moshi wa nyumba una sumu usiyoiona. Kutoka kwenye ukuta unaoungua, kaa mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wake kwenda juu. Mpira wa maji usiukanyage. Ukiambiwa rudi nyuma, rudi, usibishane.

Nakuomba pia umfikirie mwenye nyumba. Tarehe 22 Julai 1975 kule Boston, Marekani, mpiga picha wa gazeti Stanley Forman alikuwa akipiga picha za uokoaji, ngazi ya dharura ikang'oka, mwanamke na mtoto wakaanguka. Alipiga wakiwa hewani, kisha akageuka asiwaone wakifika chini. Mwanamke alifariki, mtoto akapona. Picha ile ilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko Marekani, mwaka 1976 na ikasukuma sheria za usalama wa ngazi hizo. Mimi naheshimu yote mawili, kupiga na kugeuka. Lakini mtu anayelia mbele ya nyumba yake akiwa na nguo za kulalia, simpigi uso mpaka aniruhusu, na mara nyingi hata kuomba siombi.

Ukimaliza, chapisha picha chache uwapelekee kituoni. Wengi wao hawajawahi kujiona wakiwa kazini. Nami nitumie ile ya kwanza yenye uso, hata kama imetoka na ukungu.

Wako akupendaye,
Rehema