Kabla ya mkutano wa mtaa

Uyole, Mbeya
Julai 2023

Mama Upendo mpendwa,

Habari za Kihesa? Huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imeshika kwelikweli. Salamu za Sikudhani zimefika.

Nimeharakisha kukujibu kwa sababu umesema mkutano ni Jumapili na watu watauliza kuhusu kodi ya majengo. Tafadhali usisimame kusema tumeonewa, basi. Nenda na hesabu. Makato ya kodi hii kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, yalipoanza Agosti 2021, nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi na ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Kuanzia mwezi huu ni 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Wengi watapigia kelele kupanda kwenyewe. Mimi kinachoniuma ni nani anayekatwa. Deni ni la mwenye jengo, lakini pesa inatoka kwa anayenunua umeme. Chukua mpangaji wa chumba kimoja anayenunua wa 2,000 mwanzo wa mwezi: 1,500 inaondoka kwanza, inabaki 500, na humo bado kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na 1 ya EWURA, wasimamizi wa nishati na maji. Kama yuko kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 100 kila yuniti kabla ya kodi, hiyo 1,500 ingempa kama yuniti 12. Kwa mwenye taa mbili na simu ya kuchaji, huo ni umeme wa mwezi mzima na zaidi. Halafu anaambiwa amechangia maendeleo kwa nyumba isiyo yake!

Kwa hiyo washauri waandike kwenye mkataba, si kwa mdomo: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, mpangaji akikatwa atarudishiwa kwenye pango. Atunze zile meseji za LUKU, maana makato yanaonekana humo. Anayelipa pango la miezi sita apunguze 9,000 kwa mkupuo, ugomvi wa kila mwezi uishe. Na anayehamia aulize kwanza chumba kimekaa tupu muda gani. Mita isiponunuliwa umeme miezi minne, deni la 6,000 linamsubiri mgeni, na atadhani mita ni mbovu.

Nyumba yenye mita nyingi ndiyo yenye kasoro kubwa. Jengo ni moja, kodi yake ni moja, lakini mita nne zikiachwa zote zikate ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba aorodheshe namba za mita zote, abebe kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, aende TRA, mamlaka ya mapato, aombe ibaki mita moja ya kukatwa kodi. Abaki na nakala yenye mhuri. Asipokwenda mwenyewe, mfumo hauwezi kujua kwamba zile mita zote ziko chini ya bati moja.

Wazee nao wakumbushwe. Aliyefikisha miaka 60 ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi, isiyo ya biashara, lakini hauji wenyewe. Lazima aombe na kuthibitisha umri. Yule bibi wa karibu na kwenu, kuna mtu amemsaidia?

Sikatai kwamba LUKU imerahisisha ukusanyaji. Foleni za Juni tunazikumbuka wote. Lakini wepesi wa kukusanya si haki ya kutoza. Nyumba ya chini yenye vyumba sita, geti la umeme na bustani inalipa 18,000, sawa na ya vyumba viwili ya tofali za kuchoma. Aliyejenga ghorofa dogo la sakafu mbili kwa sababu kiwanja kilikuwa finyu anadaiwa 180,000, mara kumi ya yule mwenye bustani. Uthamini wa kila jengo ni ghali na unachelewa, najua, lakini hata kugawa kwa ukubwa na eneo kungekuwa afadhali kuliko kuhesabu sakafu. Hili lisemeni kwa sauti, diwani alichukue.

Bado narudi kwa wapangaji, maana wao hawaitwi kwenye mikutano hii. Mwenyekiti wenu amewaalika, au ni wenye nyumba peke yao? Wapangaji wako wana mita ngapi, na umeshaenda kuzipunguza? Mtasoma bajeti ya halmashauri ili watu waone pesa inarudije mtaani? Na Baba Upendo bado anasema mpangaji akikatwa ni shauri lake mwenyewe, au amelegea? Niandikie Jumatatu, usinisubirishe.

Wako,
Mama Tusa